Mwenye Barua Hii

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na swali moja aliloliuliza kwa kila hadithi tuliyosoma, iwe ya sungura au ya mfalme: "Huyu amekua ukurasa wa ngapi?" Hakutaka kujua ana miaka mingapi. Alitaka tuweke kidole kwenye mstari wenyewe, pale ambapo mtoto wa kwenye hadithi aliacha utoto. Alikuwa mama wa Kihindu, mwembamba, mwenye miwani, anayeishi kwenye maghorofa ya Mchafukoge, na Kiswahili chake kilikuwa safi hata sisi wa Kariakoo tukajiona wageni mbele yake.

Mwaka ule tulikuwa darasa la saba, na kitabu kilikuwa riwaya ya zamani iliyotafsiriwa, ya nchi ya baridi. Nakala ilikuwa moja tu, yake mwenyewe, ameivalisha jalada la kitambaa cha sari iliyochakaa. Tulipokezana, siku nne kila mmoja. Ndani yake mlikuwa na kijana yatima aliyelelewa na mjomba tajiri. Siku moja kijana anavunja saa ya mjomba kwa kucheza, na mjomba anamfukuza mtumishi wa kike akidhani ndiye aliyeivunja. Kijana anajua, na ananyamaza. Mtumishi anaondoka na kifurushi chake kwenye theluji. Sisi tulioijua theluji kwa ile iliyoganda kwenye friji ya muuza barafu tu, tulimhurumia vibaya sana. Wenzangu wengine walilia.

Mimi sikulia, nilikasirika. Nilikuwa mtoto wa hasira za karibu, na bado niko hivyo, mume wangu ni shahidi. Tuliambiwa tuandike insha juu ya kijana yule, nami nikaiandika kabla hata ya kumaliza kitabu, kwa kuwa nilijiona nimeshamjua. "Kijana huyu ni mwoga," niliandika, "na mwoga hafai kuwa shujaa wa kitabu. Ningekuwa mimi, ningesema siku ile ile." Chini ya maneno "siku ile ile" nikapiga mstari kwa rula. Nikakabidhi insha Jumatatu, kitabu nikabaki nacho hadi Jumatano, zamu yangu ilikuwa haijaisha.

Sasa niseme habari ya mawe, maana asiyeishi miaka ile hawezi kuijua. Bidhaa zilikuwa adimu. Sukari, sabuni, mafuta, vyote vilikuja kwenye duka la ushirika la mtaa siku vilipojisikia kuja, na habari ikivuma kwamba kesho kuna mzigo, watu walikuwa wanapanga foleni tangu alfajiri. Lakini nani atasimama tangu alfajiri mpaka saa tatu, na ana watoto, ana kazi, ana chapati za kuuza? Basi kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Unaliweka kwenye foleni, unaondoka, na jiwe linasimama badala yako. La kwetu lilikuwa nusu tofali lenye rangi ya bluu upande mmoja. Mama mapacha, jirani yetu wa chumba cha pili katika nyumba ile ile ya kupanga, alikuwa na kipande cha jiwe la kusagia, cheusi, kizito. Wengine waliweka sufuria mbovu, wengine kiatu. Mtu aliyehamisha jiwe la mwenzake alihesabiwa mwizi, tena mwizi wa mchana.

Mlinzi wa mawe alikuwa babu mmoja mtu wa kusini, ambaye sisi watoto tulimwita babu tu. Alilala kwenye baraza la duka, akafagia, akalinda foleni, na malipo yake yalikuwa chakula na karatasi moja. Karatasi hiyo aliithamini kuliko chakula. Ilikuwa barua ya duka yenye muhuri wa zambarau, maana siku zile mgambo walikuwa wanapita mitaani wakiwasaka wasio na kazi, na aliyekosa cha kuonyesha alipandishwa lori akapelekwa shamba, kijijini, awe ana mtu huko au hana. Babu hakujua kusoma. Kila nilipofika kuweka jiwe alinitolea ile barua kutoka kwenye kofia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Hebu nisomee, isije ikawa imebadilika usiku."

Nami nilisoma kama mtangazaji wa redio: "Kwa yeyote anayehusika. Mwenye barua hii ana kazi."

"Rudia hapo."

"Mwenye barua hii ana kazi."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Wasikie hao! Nina kazi mimi." Kisha aliikunja kwa mikunjo ile ile, akairudisha kofiani. Mara nyingine alinitania kwamba majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi, kwa hiyo anikimbie mapema. Nilimjibu kwamba hana mbio.

Ile Jumanne kulikuwa na habari ya maziwa ya unga ya kopo, makopo mawili kwa kila kaya. Mama aliniagiza tangu jana yake: adhana ya alfajiri ikilia, jiwe likae mahali pake. Mapacha wa jirani walikuwa na miezi mitatu, mama yao maziwa hayamtoshi, na kila mtu nyumbani alijua anahesabu siku kusubiri mzigo huo. Sisi tuliyataka kwa ajili ya chai. Niseme ukweli, kwa ajili ya chai tu.

Adhana ililia, nikaamka, nikakaa uani na kibatari nisome ukurasa mmoja. Mmoja tu. Ilikuwa pale mtumishi anapogonga mlango wa nyumba ya tatu akiomba kazi na kukataliwa. Nilipoinua macho jogoo wameshachoka kuwika na mwanga umejaa ua mzima. Nilikimbia na nusu tofali mkono mmoja na kitabu mkono mwingine. Foleni ilikuwa imeshafika kwa fundi cherehani wa kona. Kwa macho tu nilijua kwamba hata yakija makopo mengi kiasi gani, hayawezi kufika huko nyuma. Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga ovyo, lakini kitabu kile kingerudishwa kwa mwalimu siku hiyo hiyo, na mimi ningeambiwa mbele ya nyumba nzima kwamba kusoma kumenipumbaza.

Babu alinikuta nimesimama pale. Alikuwa na ndoo. "Afadhali umekuja," alisema. "Kaa hapa unishikie mawe, nachota maji mara moja, bomba limeanza kutoa. Wewe ndiye mlinzi sasa." Akaenda.

Sikufikiri muda mrefu. Natamani ningesema nilipambana na nafsi, kama wanavyopambana vitabuni. Nililitazama jiwe jeusi la mama mapacha, la sita kutoka mbele, nikajiambia kwamba yeye ni jirani, akikosa tutampunguzia. Nikaliinua. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikalibeba mpaka kwa fundi cherehani, nikaliweka mwisho, nikarudi na la kwetu nikalitia kwenye lile pengo, upande wa bluu juu. Babu aliporudi na maji nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, kitabu wazi, nasoma mstari ule ule mara kumi. Alinimwagia maji kidogo mkononi ninawe uso.

Makopo yalikwisha kabla ya kufika kwa fundi cherehani. Mama yangu alitoka na mawili yake, anatabasamu. Mama mapacha, aliyekuja akiwa amembeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani, alilikuta jiwe lake linaangaliana na cherehani, akaanza kupiga kelele ambazo ninazisikia hata sasa ninapoandika. Alikuwa amelileta mapema, watu walimwona. Alimshika babu ukosi wa shati. "Umekula chai ya nani? Sema! Umekula chai ya nani, wanangu wafe?"

Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wetu wa mtaa, aliitwa. Alikuwa mtu mnene wa sauti ya taratibu, mwenye shati la kijani lenye mifuko mikubwa. Alimuuliza babu kama aliwahi kuondoka kwenye mawe.

"Niliondoka kidogo, ndugu balozi, kuchota maji. Nilimwachia mtoto."

Watu wote wakageuka kunitazama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, sijui ungesema nini, lakini babu alitangulia. "Huyu siye," alisema, na akaonyesha kitabu kwapani kwangu. "Mtoto anayesoma hawezi kufanya hivyo. Nimerudi nimemkuta anasoma, hajasogea."

Na watu wakakubali! Kitabu kile kilinisimamia kama wakili. Balozi alinyoosha mkono. "Basi barua nakaa nayo mimi mpaka kikao cha Ijumaa. Ukionekana huna hatia, utaipata." Babu alivua kofia polepole, akaitoa. Hakubisha, ila aliniangalia, kama ananiuliza kama maneno bado yako vilevile.

"Siku ile ile": maneno hayo nilikuwa nimeyapigia mstari kwa rula.

Jumanne ikapita. Jioni mama alipika chai ya maziwa, nikasema tumbo linauma, na halikuwa uongo. Nyuma ya ukuta, kwa jirani, mapacha walilia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Nilisubiri mama aseme tumpunguzie jirani. Alikuwa amelinyanyua kopo la pili tayari, akalirudisha kabatini. "Nikimpa leo, watasema ni mimi niliyehonga," alisema. "Ngoja yapoe." Sikuwa nimelifikiria hilo. Hata wema nilikuwa nimeufungia njia.

Jumatano nikarudisha kitabu bila kukimaliza. Sikutaka kujua yaliyompata yule mtumishi. Nilipita mtaa wa nyuma nisikutane na babu, nikasikia ananiita kwa mbali, "Mjukuu!", nikajifanya kiziwi. Kila lori lililounguruma barabarani lilinisimamisha. Nilijiambia Ijumaa bado, Ijumaa nitasema, kikaoni, mbele ya wote, kwa utaratibu. Nilijipangia hata maneno ya kuanzia. Sasa najua kwamba mwoga akiamua kusema kweli hujitafutia tarehe.

Alhamisi mwalimu aliingia na insha zetu. Alichomoa moja, akasema ndiyo bora kuliko zote, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa yangu. Alisoma vizuri mno, akipandisha pale nilipopiga mstari. Darasa likapiga makofi. Kisha akaliuliza swali lake. Mmoja akasema kijana alikua pale alipokataa urithi wa mjomba. Mwingine akasema alipougua. Mwalimu akanigeukia.

"Na wewe mwenye insha? Amekua ukurasa wa ngapi?"

"Sijafika, mwalimu," nilisema.

Darasa likacheka, naye akatabasamu akidhani nazungumzia kitabu.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri kikao kilikaa uani kwetu, kwa kuwa ua wetu ulikuwa mkubwa. Mikeka ilitandikwa, balozi akapewa kiti. Babu hakuwepo. Tulimsubiri kidogo, kisha watu wakaanza kunong'ona kwamba siku za mwizi ni arobaini, na balozi akasema aliyekimbia ameshajijibu. Hapo mama yangu akasimama. Sikutegemea. Alisema yeye alikuwa na shaka na mzee yule tangu zamani, kwamba mtu asiye na kwao huwa hana aibu, na kwamba mtaa utafute mlinzi mwingine. Alisema kwa ukali, na nikaelewa kwa nini: alikuwa anajitetea kabla hajashtakiwa. Nikisema sasa, namvua nguo mama yangu mbele ya nyumba kumi.

Ile hotuba niliyojipangia ilipotea yote. "Mama, kaa," nilisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyehamisha jiwe."

Walidhani sijui ninachosema. Ikabidi nieleze: kibatari, kitabu, ndoo ya maji, nilivyolibeba jiwe kwa mikono miwili. Mama alinijia kwa hatua mbili akanizaba kofi ambalo sikuyasikia maumivu yake. Akaingia ndani, akatoka na makopo yote mawili, moja zima na moja limepungua vijiko vya chai, akayaweka miguuni kwa mama mapacha. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mama yangu alichutama pale mkekani na hakuinua uso.

Lakini wazee, Mungu awasamehe, wakafurahi. Mmoja akasema huyu ndiye mtoto wa kweli wa taifa. Mwingine akasema kusoma kumemfaa. Balozi alisimama kabisa akanishika kichwa. "Umekua leo," aliniambia. Na mimi, nikiwa bado nalia, nilihisi kitu kama fahari kinapanda kifuani. Nakiri hilo pia. Kilipanda, na kilikuwa kitamu.

Mama mapacha hakusifu. Alikuwa analitazama kopo lililopungua. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Basi nimefanya vibaya."

"Wewe umefanya nini?" balozi aliuliza.

"Nilimwona jana, natoka kliniki na watoto. Mgambo walikuwa wamemsimamisha pale kona. Anawaambia barua iko kwa balozi, wamwulize balozi. Wakamcheka, wakampandisha. Aliniona. Aliniita nimtolee ushahidi." Akambadilisha mtoto bega. "Nikajisemea, mwache aende. Nikapita."

Mkono wa balozi ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Akaitoa barua humo, imekunjwa kwa mikunjo ile ile.

Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Aliichomoa ile barua mkononi mwa balozi, akanishika kifundo cha mkono, tukatoka. Hakuvaa hata viatu. Tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye uwanja walipokuwa wanakusanywa waliokamatwa, karibu tunakimbia, ananiburuta na kujifuta uso kwa ncha ya khanga. Langoni kulikuwa na mgambo kijana anakula muhogo. Mama alimpa barua. Aliisoma, akaigeuza, akautazama muhuri.

"Barua ni halali," alisema. "Lakini malori yameondoka asubuhi, mama. Saa nne."

"Yamekwenda wapi?"

"Mengi. Kila moja na kwake." Akamrudishia mama barua. Mama hakuipokea. Alinitazama mimi, na ikabidi niipokee mimi.

Babu hakurudi. Balozi aliandika huko na huko, au alisema ameandika. Mapacha walikua, mmoja sasa ni nesi. Foleni ya mawe ilikosa mlinzi, watu wakaanza kupigana, mpaka wakarudi kusimama wenyewe kwa miguu yao. Kwa miaka mingi kila mtu aliyetoka kusini nilimuuliza kama amewahi kukutana na mzee wa kofia, mcheshi, aliyewahi kulinda duka Dar. Wazee wa kofia wacheshi ni wengi.

Nilikiomba kitabu tena nikakimaliza. Kijana alisema kweli, ndiyo, na mtumishi alikuwa bado yupo mji ule ule, akatafutwa, akarudishiwa chumba chake, wakalia wote wawili. Nilimwonea wivu mpaka nikakifunga kwa kishindo. Nilimweleza mwalimu kila kitu, nikamwomba aifute alama ya insha yangu. Alivua miwani, akasema hafuti kitu. Hakuniuliza tena habari ya ukurasa.

Barua ninayo. Imepita nyumba tatu nilizohamia na ndoa moja, na muhuri umefifia umekuwa rangi ya chai. Huwa naitoa mara chache, na nikiitoa naisoma kwa sauti, kama alivyopenda, isije ikawa imebadilika. Haijabadilika. Mwenye barua hii ana kazi.